Kura ya Macho Yaliyofumbwa

Zelie Maubert alikuwa na mashuka sitini ya kuanika na mtu mmoja wa kugombana naye, na alikuwa ameshaamua kwamba mashuka yatasubiri.

"Rudia tena," alisema. "Nataka nisikie vizuri. Kile kitana ulikiacha makusudi?"

"Makusudi," alijibu Anselme.

"Chini ya mto wangu."

"Chini ya mto wako. Nilijua Ndugu Eudoxie hupekua mito kila Ijumaa."

Walikuwa wamesimama katikati ya kamba mbili, nyuma ya jengo la kufulia, mashuka yaliyolowa yakiwaficha kulia na kushoto. Ndani ya viwanda vya Konkordia kuzungumza ni marufuku, mtu hufua kimya na kushona kimya. Lakini kamba za kuanikia ziko nje, na kwa miaka sita yote tangu koloni hii ya watu wasiomiliki chochote binafsi ianzishwe hakuna aliyekumbuka kuuliza mkutanoni kama nje nako ni kiwandani. Mapenzi yao yalikuwa yameota katika upenyo huo wa sheria, robo saa kwa robo saa, nguo za watu wengine zikikauka.

"Kwa hiyo hukunipa mimi," alisema Zelie. "Ulimpa Eudoxie."

"Mpenzi, nisikilize..."

"Usiniite mpenzi! Siku tatu nililala nacho mkononi. Nilikibusu, Anselme. Jino moja moja. Kumbe nabusu cheti chako cha safari!"

Anselme alijizuia asicheke, akashindwa. "Meno yote? Yako arobaini na manne."

"Najua ni arobaini na manne!"

Machozi yalikuwa yameshamlenga. Akageukia shuka akamalizia hasira zake hapo, akalikung'uta mpaka likapiga kelele. Anselme alimwacha alikung'ute. Alikuwa mwana wa fundi saa na mjukuu wa fundi saa, na katika ukoo wao kusubiri kulikuwa nusu ya kazi.

"Zelie," alisema mwishowe, "kosa mtu hulifanya kwa dakika moja. Ningemtukana baba yako mezani, basi, yangekwisha. Ningelewa. Lakini kile kitana nimekichonga miezi minne, tena kwa kisu cha jikoni, bandani kwa nguruwe, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Hebu niambie, nani huchonga kosa kwa miezi minne?"

Zelie alikuwa anaitazama mikono ya Anselme. Aliipenda ile mikono kabla hajampenda mwenyewe, tangu siku ile ya kwanza alipofika Anselme kwa meli ya moshi kutoka New Orleans, amelikumbatia sanduku la vifaa vya marehemu baba yake, hataki mtu amsaidie. Langoni akalitoa sanduku hilo liwe mali ya wote, kama kila mtu alivyotoa chake. Wakamshukuru, wakamkumbatia, wakalifungia ghalani. Koloni nzima ilikuwa na saa moja tu, ile ya ukutani pale chumba cha kulia, na saa yenyewe kwa ukaidi wake haijawahi kuharibika hata siku moja. Basi fundi akapangiwa nguruwe. Miaka mitatu sasa.

"Nilikuwa na njia mbili za kutoka hapa," Anselme aliendelea, sauti imeshuka. "Nikiondoka kwa hiari yangu natoka na nguo nilizovaa tu. Wakinifukuza wao, sheria inasema nirudishiwe vifaa vyangu, nisije nikafa njaa. Mwasisi mwenyewe ndiye aliyeandika hivyo, Mungu amrehemu, alikuwa na huruma kuliko akili. Sasa nikifika Sent Luis bila vifaa nitakuwa nani? Mpakizi wa magunia bandarini. Mkono mtupu haulambwi, Zelie. Lakini nikifika na sanduku langu, mwezi ujao nina meza yangu na kibao changu mlangoni. Na wewe ukitimiza miaka yako ishirini na mmoja, miezi minane tu, unapanda meli na gauni lako hilo hilo, unanikuta nina chumba, nina jiko, nina..."

"Una sufuria?"

"Nina sufuria."

"Langu mwenyewe? Ambalo hakuna atakayelipigia kura?"

"La kwako peke yako. Mimi nikilitaka nitakuomba."

Zelie akacheka huku analia, na Anselme akajua amesamehewa. Lakini kicheko hakikudumu.

"Miezi minane," alisema Zelie.

"Miezi minane."

"Utasahau uso wangu."

"Nisahau uso ambao nimeuiba robo saa robo saa kwa miaka miwili? Mtu hasahau alichokiiba kwa shida." Kisha uso wake ukabadilika. "Ila wote wasimame, Zelie. Sheria haimfukuzi mtu mpaka watu wote wasimame. Mmoja tu akibaki kwenye benchi, nimenasa. Na shauri lililokataliwa halirudi mezani mpaka mwaka uishe."

"Hakuna aliyewahi kukaa. Watu wanasimama hata kabla hawajasikia swali."

"Siwahofii watu. Nakuhofia wewe."

Lilimchoma neno hilo, na lilimchoma kwa sababu lilikuwa la kweli. Usiku wa jana alikuwa amelala akiwaza jinsi ilivyo rahisi. Kukaa tu. Asifanye lolote, na Anselme angebaki mwaka mzima, angemwona kila siku mezani, angemwona Jumapili kwenye wimbo.

"Nitasimama," alisema.

"Hata miguu ikikataa?"

"Nitaishika kwa mikono niinyanyue. Nenda, kengele italia."

Kengele ikalia kweli. Hawakuthubutu kukumbatiana, maana upande wa jikoni watu walikwisha kuanza kutoka. Anselme alizunguka nyuma ya shuka, na Zelie akaona kiganja chake kimejichora kwenye kitambaa kilicholowa. Akaweka chake juu yake. Shuka lilikuwa baridi, kisha polepole likapata joto.

*

Mkutano ulikuwa ukifanyika kila Jumapili saa nane mchana, baada ya supu, katika chumba hicho hicho cha kulia. Meza zilisogezwa ukutani na mabenchi yakapangwa. Watu mia moja na arobaini na wawili, ukiacha watoto waliokuwa shuleni kwao.

Mama yake Zelie, Sidonie, alikuwa amemshikia nafasi benchi la nyuma kabisa.

"Umechelewa," alisema mama.

"Mashuka, mama."

"Mashuka," mama akarudia, akamfuta shavu kwa ncha ya aproni yake. Hakuuliza zaidi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, ananukia vitunguu na mkate kwa sababu ya zamu za jikoni, na katika miaka sita hakuna aliyemsikia akiomba nafasi ya kusema mkutanoni.

Mbele, kwenye kiti cha mwenyekiti, alikuwa ameketi mumewe. Uenyekiti wa Konkordia huenda kwa zamu, mwezi mmoja mmoja, na bahati mbaya iliyoje, mwezi huu ulikuwa wa Athanase Maubert. Huko Lyon alikuwa mtengeneza kofia. Aliuza duka, akauza nyumba, akauza mpaka pete ya harusi ya mkewe, akawavusha bahari kuja kuishi mahali ambapo hakuna atakayesema "changu". Alikuwa mtu mwema, na hapo ndipo ulipokuwa ugumu. Baba mbaya Zelie angekwisha kumtoroka zamani.

"Ndugu zangu," alisema Athanase, "shauri la kwanza ni kitu. La pili ni mtu."

Kitu kilikuwa mezani mbele yake. Zelie alikiona kutoka mbali, chekundu cha mti wa peasi, kidogo kuliko alivyokikumbuka. Akahisi kama amevuliwa nguo.

Ndugu Eudoxie, mkaguzi wa mabweni, akasimama. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kuimbia. "Sina chuki na mtu," alianza, na kila aliyemfahamu akajua kuna mtu ataumia. "Lakini mimi nina nywele, na Ndugu Clorinde ana nywele, na wanawake hapa tuko sitini na mmoja wenye nywele. Anayempa mmoja zawadi amewanyima sitini. Naomba kitana kiwe cha wote, kizunguke, wiki moja kila mwanamke."

"Na sisi je?" aliuliza mzee Gaspardi wa kiwanda cha viatu, akijipapasa kipara. "Mimi nina nywele saba. Wiki moja itanitosha kabisa."

Watu wakacheka, hata Athanase akatabasamu. Likapita kwa sauti moja. Zamu zikapangwa kwa umri, wakubwa kwanza, na karani akasoma majina. Zelie alikuwa wa hamsini na nane. Ndugu Eudoxie akamgeukia kwa upole wa kweli. "Mwakani tu, binti. Mbona karibu!"

Zelie aliuma midomo. Kitana alichokibusu jino moja moja kitapita vichwa hamsini na saba kabla hakijamrudia, na watu wote hawa walikuwa wanamtazama kwa mapenzi, wakitaraji ashukuru. Akashukuru.

"Sasa mtu," alisema baba yake.

Anselme alitoka kwenye benchi la wanaume akasimama katikati. Alikuwa amechana nywele kwa maji. Alionekana mrefu na peke yake.

"Ndugu Anselme Viret. Ulijua ni kosa?"

"Nilijua."

"Unajuta?"

Hapa ndipo mchezo ulipotakiwa kuchezwa vizuri. Anselme akainua kidevu. "Sijuti, Ndugu Mwenyekiti. Nilikitengeneza kwa ajili ya mtu mmoja, nikampa mtu mmoja. Mkiniacha hapa nitatengeneza kingine. Nitatengeneza na kioo."

Minong'ono ikapita kwenye mabenchi. Kitana, sawa, ujana. Lakini kioo! Athanase alimtazama kijana kwa muda mrefu. Zelie aliona jinsi baba yake alivyotafuta njia ya kumsamehe, na jinsi alivyoikosa.

"Mwanangu," alisema, na hilo halikuwa neno la mkutanoni, "mbona unatulazimisha?"

Macho ya Anselme yalipita vichwa vyote mpaka benchi la nyuma, yakamkuta Zelie, yakamwomba asimame. Ilikuwa kufumba na kufumbua tu, lakini Zelie aliliona ombi hilo mpaka mwisho wake.

"Basi tupige kura," alisema Athanase, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Mnajua desturi. Kila mtu afumbe macho yake, yangu peke yake yatabaki wazi. Anayetaka ndugu yetu aondoke, asimame. Asiyetaka, akae. Hakuna atakayejua mwenzake alifanya nini, nami nitakaloliona nitakufa nalo. Fumbeni."

Zelie akafumba. Gizani mule akasikia mabenchi yakilia moja baada ya jingine, viatu vya mbao vikigonga sakafu, watu wakisimama, kama walivyosimama siku zote. Ilikuwa zamu ya miguu yake, na miguu ilikataa. Alikaa. Sekunde moja, mbili. Akawaza, huu ni mwaka mzima wa kumwona. Akawaza sauti yake kila asubuhi, habari ya leo Ndugu Zelie, watu wakisikia. Kisha akawaza nguruwe, na ile mikono, na sanduku limefungiwa ghalani. Akashika ukingo wa benchi la mbele, akajinyanyua. Akasimama wima huku kifua kinamuuma kana kwamba amejing'oa kitu mwenyewe.

Hapo ndipo alipohisi. Upande wake wa kulia, mahali ambapo bega la mama yake lingepaswa kugusa bega lake, hapakuwa na bega. Lilikuwa chini, pajani kwake, limetulia. Upande wa mama benchi halikuwa limelia.

*Mama,* aliwaza. *Mama, simama.*

Akasogeza mguu, akamgonga kidogo. Bega halikutikisika.

Mtu alikohoa. Zelie alijua baba yake anaona nini, na alijua kwa nini hasemi.

"Tusimame wote," alisema Athanase hatimaye, kama desturi inavyotaka ili aliyekaa ajichanganye na wenzake. "Fumbueni macho."

Mama Sidonie alikuwa amesimama kando ya bintiye, mikono imekunjwa juu ya aproni, uso mtulivu kama wa mtu anayesubiri unga uumuke.

"Ndugu mmoja amekaa," alisema Athanase. Alikuwa amepauka. "Shauri limekataliwa. Ndugu Anselme anabaki nasi."

Watu walihema kwa mshangao. Halafu, bila hata mmoja kutaka, vichwa zaidi ya mia vikageuka nyuma kumtazama Zelie. Walimtazama bila hasira. Walikuwa wanatabasamu.

*

Mtu akibakizwa Konkordia, hukumbatiwa. Ndivyo alivyoandika Mwasisi, akisema hakuna adhabu iliyo bora kuliko hiyo. Watu wote hupanga foleni, kila mmoja humkumbatia ndugu aliyerejea na kumwambia, "Uko nyumbani." Anselme alisimamishwa chini ya saa ya ukutani na foleni ikaanza. Zelie alijikuta karibu na mkia wake. Nyuma yake hakukuwa na mtu mwingine ila mama.

"Hukusimama," alisema Zelie bila kugeuka.

"Tazama mbele. Foleni inasogea."

"Mama, hukusimama. Bega lako lilikuwa hapa."

"Punguza sauti."

Wakasogea hatua mbili. Mbele kule mzee Gaspardi alikuwa anampigapiga Anselme mgongoni. Anselme alikuwa amesimama mikono ikining'inia. Hakuna aliyeona, maana kila aliyemkumbatia alikuwa anautazama ukuta nyuma yake.

"Kwa nini?" Zelie alinong'ona. "Ulidhani unanisaidia? Ulidhani nataka abaki? Mama, hukujua, yeye mwenyewe ndiye..."

"Nilijua."

Zelie akageuka. Mama akamshika mabega akamrudisha kutazama mbele, polepole, kama alivyokuwa akimgeuza utotoni amsuke nywele.

"Ulijua nini?"

"Wiki tatu hizi umekuwa unaniosha miguu, unanichukulia ndoo, unaniuliza nimelalaje. Mtu huwa mpole namna hiyo akijiandaa kuaga. Nilikuwa mpole hivyo hivyo kwa mama yangu, kabla baba yako hajanipandisha melini." Akaikunja ncha ya aproni yake. "Akienda yeye na sanduku lake, miezi minane na wewe huyo. Asipoenda, huendi."

"Kwa hiyo umemfunga yeye ili..."

"Sogea."

Wakasogea. Ndugu Eudoxie, aliyekwisha kukumbatia, alipita akirudi kwenye benchi, akamfinya Zelie shavu. "Nakuelewa, binti," alimnong'oneza, macho yamejaa machozi ya furaha. "Mimi nisingeweza kusimama pia." Akaenda zake.

"Umesikia?" Zelie alisema. "Wote wanadhani ni mimi."

"Wanakupenda kwa hilo."

"Sitaki wanipende! Nilisimama, mama. Unajua ilinigharimu nini kusimama? Nilisimama kwa sababu nampenda, na wewe..."

"Na mimi sikusimama, kwa sababu nakupenda wewe," alisema mama. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Wacha nisikudanganye, umeshakuwa mtu mzima. Sikukaa kwa ajili yako. Nilikaa kwa ajili yangu. Baba yako ni wa watu wote, Zelie. Hata tukiwa wawili chumbani ananiita Ndugu Sidonie. Nyumba imekwenda, sufuria langu la shaba linapikia watu mia, kaka yako amezikwa pale nyuma ya bustani ya matofaa, siwezi kumhamisha. Vyote vilipigiwa kura, nikasimama kila mara. Leo nimekaa mara moja."

Zelie alitafuta hasira yake na akaikuta imechanganyika na kitu kingine, na hicho ndicho kilichomtisha. Mbele walikuwa wamebaki watu kumi.

"Nikitimiza ishirini na mmoja nitaondoka tu," alisema.

"Na nani? Na fundi saa asiye na bisibisi? Hatakuchukua. Mafundi wana kiburi chao. Atakufa kwanza kabla hajamlaza mwanamke njaa."

"Umeyafikiria yote."

"Nina muda mwingi wa kufikiri. Jikoni haturuhusiwi kusema."

Watu sita. Watu watano.

"Nitakuchukia, mama."

"Nichukie," alisema mama Sidonie, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikakatika. "Nichukie, mwanangu. Lakini nichukie ukiwa karibu."

Mtu wa mbele akaondoka, na Zelie akajikuta uso kwa uso na Anselme.

Katika miaka miwili hakuwahi kumkumbatia. Alikuwa ameota siku hiyo mara nyingi, na katika ndoto zake haikuwa chini ya saa, mbele ya watu waliokuwa wakiwatazama na kutabasamu, wengine wakipangusa macho. Anselme alifungua mikono kama alivyoifungua kwa wote. Zelie akaingia humo. Moyo wa Anselme ulikuwa unapiga taratibu mno, kama wa mtu aliyekwisha kukata tamaa.

"Kwa nini, Zelie?" alimuuliza sikioni.

"Si mimi."

"Zelie."

"Naapa kwa kaburi la kaka yangu, si mimi. Nilisimama."

"Humu ndani wamo watu mia moja na arobaini," alisema Anselme, polepole, bila hasira, na ingekuwa nafuu kama angekuwa na hasira. "Anayenipenda ni mmoja. Nitajie mwingine aliyekuwa na sababu ya kukaa."

Zelie akafungua kinywa. Jina lilikuwa moja tu, na fupi. Kumtaja aliyekaa ni aibu kubwa Konkordia kuliko wizi, lakini aibu hiyo angeimeza. Kilichomzuia kilikuwa mkono. Nyuma yake mama alikuwa ameshika utepe wa aproni ya Zelie, kwa vidole viwili, kwa wepesi mno. Akilitaja jina, Anselme hatamsamehe mama huyu maisha yake yote, na mama huyu hatabaki na kitu chochote, hata cha kukipigia kura.

"Nilisimama," alirudia.

Anselme ndiye aliyeiachia mikono kwanza. "Pisha," alisema kwa upole. "Kuna mtu nyuma yako."

Zelie akapisha.

Mama Sidonie alisogea mbele, mfupi, mnene, ananukia mkate, akamfungulia Anselme mikono yake. Kijana aliyekuwa amestahimili makumbatio ya koloni nzima akiwa mkavu, alipofika kifuani mwa mwanamke huyu alivunjika. Akaliinamia bega lake akalia kama mtoto aliyeanguka, na watu waliokuwa benchini wakaanza kuimba wimbo wa kukaribishana ili kumsitiri.

"Angalau wewe, mama," Zelie alimsikia akisema. "Angalau wewe ulisimama."

Mama Sidonie alimpapasa mgongo, mara moja, mara mbili. Juu ya bega la kijana macho yake yalikuwa yamemkazia binti yake.

"Nyamaza, mwanangu," alisema. "Nyamaza. Uko nyumbani."